Kamustari ka Mikono Mbili

Mutoto wangu alipoita "Mama" ndani ya atelye yetu ya kushona, tuligeuka watu wawili. Mimi nilikuwa kwenye mashini ya karibu na mulango, yule mwingine kwenye meza ya kukatia, na kila mara nilingoja nione macho ya mutoto yatasimama kwa nani. Yakisimama kwa yule, nilikanyaga mashini kwa hasira mpaka uzi unakatika. Watu wanafikiri wivu ni kazi ya mume na mke. Hawajakaa chumba kimoja na mwanamke anayeitwa mama na mutoto uliyemuzaa weye mwenyewe.

Yule mwingine nilimuita yaya, yaani dada mukubwa, kwa sababu amenizidi miaka. Hatukutoka tumbo moja. Hatukuwa hata wa kabila moja, na mu Bunia ya siku zile jambo hilo lilitosha kumuua mutu. Lakini siye tulianza kushona pamoja zamani, kabla vita haijaingia muji, mu chumba cha mbele cha nyumba moja ya Nyakasanza. Yeye alikata, mimi nikashona. Yeye hakupata mutoto. Mimi nilikuwa na mumoja tu, binti, na baba yake alikuwa ameshakufa. Mama mumoja wa kwaya alituangalia siku moja tukifanya kazi bila kusemeshana, akasema siye ni mutu mumoja mwenye mikono mbili. Tukapenda. Tukamulipa fundi wa rangi akatuandikia kibao: Mikono Mbili, herufi za bluu, na chini yake mikasi ambayo ilifanana zaidi na panzi.

Siku vita ilipopasuka mu muji, mimi nilikuwa Iga Barrière. Nilipeleka nguo za kwaya ya kule, nikamuachia yaya mutoto, kama nilivyozoea. Nilimuambia mutoto nitarudi kabla ya chakula cha jioni, na asiache kumenya ndizi. Barabara ikafungwa nyuma yangu. Waliotoka Bunia walifika wakikimbia, wale wa Iga wakaanza kukimbia nao, na mimi nikabebwa katikati yao kuelekea kaskazini, na kifurushi cha nguo za kwaya kichwani. Sikupata wa kumupa. Kwaya yenyewe ilikuwa imetangulia kukimbia. Nilifika Mahagi na zile nguo, na huko nikazifumua moja moja, nikashonea watu wengine.

Yaya alishika njia ingine. Alimuchukua mutoto wakashuka Kasenyi, wakavuka ziwa wakaingia Uganda, wakaenda mpaka Kampala. Kati ya Bunia na ziwa kulikuwa vijana wenye bunduki, na kila walipofunga njia waliuliza: huyu ni nani, huyu ni wa wapi. Sura ya mutoto wangu ni sura yangu, na sura yangu haikupendwa upande ule. Yaya alijibu: ni mutoto yangu. Na mutoto, ambaye maisha yake yote alimuita tantine, yaani shangazi, alifundishwa njiani kumuita mama. Kama angekosea mara moja akasema tantine, leo nisingekuwa na mutoto. Hilo ninalijua. Nililijua hata siku zile, asubuhi na jioni. Na bado neno lile lilipotoka mu kinywa chake kwenda kwa mwingine, nilisikia kama mutu amenivua nguo mbele za watu.

Mahagi nilishonea kwenye baraza ya paroisse ya mapadiri. Hapo kulikuwa phonie, ile redio kubwa inayotumia betri ya gari, ya kusemea na miji mingine. Nilipanga foleni na wengine waliopoteza watu wao, zamu ikifika nikataja jina la mutoto. Bunia walijibu hawajui. Beni walijibu hawajui. Aru pia. Mwenye phonie alinifundisha kusema: neno moja, unanyamaza, neno lingine. Ukiunganisha maneno, upande wa pili wanasikia kelele tu. Nikawa najua kusema jina la mutoto wangu vizuri sana. Ila phonie ile haikuvuka ziwa, na hakuna aliyeniambia kwamba aliye wangu yuko ng'ambo.

Muji ulipotulia kidogo, kofia za bluu za askari wa Umoja wa Mataifa zikiwa kila kona, nilirudi. Vita haikuisha, ilihamia tu msituni na vilimani, na kuna siku tuliisikia upande wa Djugu kama ngurumo ya mvua isiyofika. Atelye ilikuwa imeibwa yote, mashini, meza, mpaka pasi. Kibao ndicho kilibaki. Hata wezi hawakuona cha kufanya na panzi. Nikapata mashini moja ya zamani, nikafungua mulango, nikaanza tena peke yangu.

Siku waliporudi nilikuwa napitisha uzi kwenye sindano. Nikasikia sauti ya binti mulangoni, nzito kidogo kuliko ile niliyoiacha: "Mama, ni hapa. Kibao ingali iko." Nikainua kichwa, nikamuona, murefu, nywele zimesukwa namna nisiyoijua. Alikuwa hajaniona. Yale maneno alikuwa anamuambia yaya.

Basi ndivyo nilivyompata tena mutoto wangu. Neno la kwanza nililolisikia kutoka kwake lilikuwa "mama", na halikuwa langu. Baadaye aliniona, akaniangukia, tukalia wote watatu mpaka majirani wakaja kuuliza ni nani amekufa. Nililia kwa furaha, nisidanganye. Lakini kuna machozi mengine yaliyochanganyika mule, na yale sikuyapangusa haraka.

Tukaanza tena Mikono Mbili, sasa na mikono sita. Mutoto alishona vizuri, na hapo penyewe ndipo paliniuma. Alikunja pindo namna ya yaya. Alikata uzi kwa meno, kama yaya, jambo nililomukataza tangu mudogo. Akisahau alisema Kiganda kidogo, yaya akamujibu, wakacheka, na mimi nikauliza wamesema nini, wakaniambia, "Haiko kitu." Neno hilo nililichukia sana. Nilipika sombe, majani ya muhogo, akala vizuri akashukuru, halafu akamuuliza yaya kama kule sokoni ndizi za Kampala zinapatikana. Nikaenda kuzitafuta ndizi mimi mwenyewe, soko lote la Nyakasanza, nikapika. Akasema ni tamu lakini si sawa na za Mama. Nilisogeza sufuria, nikasema naenda kuteka maji, na pipa lilikuwa limejaa.

Ndipo ikaja habari ya site.

Cyber ilikuwa imefunguliwa mjini, chumba cha internet chenye ordinateur chache, yaani kompyuta, na parabole, ile sahani ya kushika mawimbi, juu ya mabati, na groupe, mashini ya umeme, inayovuma nyuma. Mutoto alijifunza mambo hayo Kampala, na mwenye cyber alimuita amusaidie kuelekeza wateja. Yaya akasema: wamama wa Kongo walio mbali, Kampala, Bruxelles, Canada, wanataka bikwembe, vile vitenge vya harusi, vishonwe kama vya nyumbani, lakini watatuonaje? "Inatupasa kuwa na site," alisema, sawa mutu anayesema chumvi imeisha.

Mutoto alinieleza polepole. Site ni kama kibao, ila mutu anakiona akiwa mbali. Na adresi yake haikubali nafasi kati ya maneno. Mikono Mbili ni maneno mawili, kwa hiyo ni moja kati ya mambo mawili: ubandike maneno yawe kitu kimoja, ama uweke katikati kale kamustari kafupi ambako wenye kusoma Kifaransa wanakaita tiret.

"Tubandike tu," yaya alisema. "Mikonombili. Imeisha."

"Mikonombili ni nini? Dawa ya minyoo?"

"Kampala hakuna mutu anaweka kale kamustari, mudogo. Ukimupigia mutu telefone, unamutajia jina, anaandika, anapata. Ukiweka kamustari utaeleza kila siku: kuko kamustari, hapana chini, katikati. Atasahau. Akisahau, anaenda kwa mwingine."

"Kampala, Kampala. Si ungebaki huko?"

Mutoto aliinua macho, akayarudisha kwenye pindo lake.

Na mimi nilikuwa na sababu zangu, na zilikuwa nzuri. Nilisema kibao chetu kina maneno mawili, mutu anayekijua atatutambua vipi kwa neno moja? Nilisema kwa phonie nimejifunza, maneno yanatenganishwa ndiyo yanafika. Nikasema hata jina langu la ubatizo ni majina mawili yenye kamustari katikati, padiri aliliandika hivyo, nimeishi nalo mpaka leo na halijawahi kunipoteza. Niliposema hilo yaya alitazama chini, akachukua mikasi akaanza kukata kitambaa ambacho hakijapimwa. Nilifikiri nimemushinda. Nilifurahi jioni nzima.

Lakini kama yaya angetangulia kusema tuweke kamustari, mimi ningesema tubandike. Hilo kila mutu alilijua, hata wateja. Kwaya ilipokuja kupima nguo mpya ikagawanyika palepale, sauti ya kwanza upande wangu, sauti ya tatu upande wa yaya, na wale wa sauti ya pili wakauliza kama hatuwezi kuchagua jina lingine lote. Mama mumoja akasema tupeleke jambo hili kwenye maombi. Nikamuambia Mungu ana vita ya kumaliza.

Nilichotaka mimi ni kitu kimoja. Nilitaka mutoto aseme, mbele ya yule, kwamba mama yake ana haki. Si jambo kubwa. Aseme tu: tuweke kama Mama anavyotaka, na tuwe tunajua wote ni mama gani.

Kwa hiyo nikawaambia twende cyber, niwaonyeshe kwamba kuandika kamustari haiko kazi. Nilisoma section commerciale, masomo ya biashara, mimi. Tulijifunza dactylo, kupiga chapa, kwenye mashini za chuma za tangu Wabelgiji, na mwalimu alitugonga vidole kwa rula tukithubutu kuangalia chini. Vidole vyangu vinajua herufi zote bila macho. Nilikaa mbele ya ordinateur, mutoto upande huu, yaya nyuma, watu wengine wakingoja zamu yao. Nikafunga macho makusudi, mutoto aone. Nikapiga neno lote kwa mwendo mumoja, na sauti ya vidole ilikuwa nzuri, sawa zamani.

Nilipofungua macho, kwenye écran, kile kioo cha ordinateur, kulikuwa kumeandikwa: ;ikono6;bili.

Halafu mwenye cyber, muungwana sana, akanieleza kwamba klavye zake, zile za vitufe vya kuandikia, zilinunuliwa Kampala, zimepangwa kwa Kiingereza. Pale ambapo mashini yangu ya shule ilikuwa na kamustari, hizi zina sita. Pale palipokuwa m, kuna alama ingine. "Wamama na wababa wote wenye dactylo ya zamani wanafanya vile," alisema. "Kuko muzee mumoja, karani wa bureau, alituma barua nzima namna ile. Walimujibu wakamuuliza kama ni lugha ya wapi."

Mutoto akacheka. Kucheka si kosa, hata mimi ningecheka. Lakini nilimuona. Kabla ya kucheka alitafuta macho ya yaya, ili wacheke pamoja. Yaya hakucheka.

"Unaona, mudogo," alisema kwa sauti ya chini. "Na weye ni mutu mwenye kusoma. Yule mama mwingine atafanya nini?"

Nilijibu tulipofika atelye, na nilijibu yote. Nilimuambia anakaa mu chumba changu cha kazi, anakula kwenye sahani yangu, anasemesha mutoto wangu lugha ili mimi nisisikie. Nilimuambia, "Umenichukulia mutoto, sasa unataka na jina."

"Sikukuchukulia. Nilikuchungia."

"Basi rudisha."

Yaya alisimama na mikasi mukononi. Ilikuwa mikasi yake ya tangu zamani, aliyoibeba chini ya kikwembe mpaka Kampala, na kuirudisha. Akaiweka mezani taratibu, akachukua sakoshi yake ya begani, akatoka, akaenda nyumbani kwake, mutaa wa Ngezi. Mutoto alikuwa mulangoni, na alikuwa amesikia. Yaya alipompita alimugusa kichwa. Mimi nikamuambia mutoto afunge dirisha, vumbi linaingia.

Siku zilizofuata nilikuwa na kila kitu nilichokitaka. Mutoto akiita mama, ni mimi tu. Ila hakuita. Alisema "ndiyo" na "hapana", alishona, akimaliza alikwenda cyber. Nilifikiri anapita Ngezi. Nilinusa nguo zake akirudi, kama mwanamke anayenusa shati ya bwana, nione kama zina moshi wa jiko la yaya.

"Unatoka kwa mama yako?" nilimuuliza mara moja.

"Natoka kwa cyber, Mama," alisema. Hata hapo sikujua nifurahi ama nini.

Na kazi iliharibika. Mimi si mukataji. Nilikata kanzu ya muimbishaji wa kwaya, nikashona, nikamuvalisha, na mikono yote miwili ilikuwa ya kushoto. Mutu huyo alijaribu kuinua mukono wa kuume kama anavyofanya akianzisha wimbo, na kanzu yote ikapanda mpaka shingoni. Alikuwa mutu wa Mungu: aliivua, akaikunja, akanishukuru. Nilikaa na ile kanzu mapajani muda murefu baada ya yeye kuondoka.

Halafu mutoto akaniambia nimufuate cyber, ana kitu cha kunionyesha. Alinikalisha pembeni yake. Akaandika Mikono Mbili na kamustari katikati, polepole, akinionyesha kitufe kilipo, juu, pembeni ya ziro. Tukangoja. Picha ikashuka kidogo kidogo kutoka juu: kwanza bati, halafu herufi za bluu, halafu panzi. Ilikuwa kibao chetu. Chini yake nguo zetu, zimepigwa picha juu ya ukuta ninaoujua. Halafu akafuta, akaandika maneno yamebandikwa, bila kamustari. Tukangoja tena. Bati, bluu, panzi.

"Nimechukua zote mbili," alisema. "Patron wa cyber iko na ndugu yake Kampala, njo yeye ametusaidia."

Mutu mwingine angefurahi akaenda nyumbani. Mimi nilitazama lile panzi, nikauliza, "Na ya gani ndiyo yenyewe?"

"Mama."

"Nauliza tu. Haiwezekani nyumba iwe mbili. Moja ni nyumba, ingine ni njia ya kufika kwa nyumba."

Hajui kudanganya, hilo alilichukua kwangu. "Ya kubandika njo nyumba," alisema. "Ya kamustari inamuleta mutu pale."

"Nilijua," nikasema, na nikatafuta viatu vyangu chini ya benchi.

Alinishika kikwembe. "Weye unajua kwa nini nimeweka zote?"

"Ju ya kutupatanisha. Umeona siye ni watoto."

"Hapana. Ni ju ya Kampala."

Akanieleza, akiangalia écran, si mimi. Kampala kila Samedi, yaani Jumamosi, yeye na yaya walikwenda cyber. Walikaa kwenye ordinateur moja, kiti kimoja, nusu kwa nusu. Yeye aliandika jina langu pale pa kutafutia. Aliandika na kamustari, aliandika bila, aliandika majina yote mawili yamebandikwa, aliandika jina la ukoo mbele, halafu nyuma. Hakuna kitu. Kwenye écran walitoka watu wengine, alisema, wazungu, mumoja alikuwa amepanda farasi. Mimi wakati ule nilikuwa Mahagi kwenye baraza, nafumua nguo za kwaya, na hakuna mutu aliyekuwa ameniandika popote.

"Mimi nilichoka," alisema. "Nilisema tuache. Mama wa Ngezi njo alikuwa anakataa. Alikuwa anasema, jaribu tena, weka kale kamustari muzuri, jina lake iko na kamustari. Na mimi niliogopa kitu kimoja tu. Kama weye pia uko unanitafuta, na uko unaandika namna ingine, na siye tuko tunapishana tu. Donc, njo maana sitaki mutu atutafute, akose ju ya kamustari."

Groupe ilikuwa inavuma, na mwenye cyber alijifanya anahesabu waya. Nilimushika mutoto shingoni kama nilivyokuwa namushika akiwa mudogo. Nilipaswa kushukuru, na nilishukuru, Mungu anajua. Lakini nilikiona kile kiti cha Kampala, nusu kwa nusu, vichwa viwili karibu karibu mbele ya mwanga ule, na jina langu limeandikwa pale na mimi sipo. Nilikionea wivu kile kiti. Walikuwa wananitafuta mimi, na hata kunitafuta kwenyewe walikuwa wanafanya wawili, bila mimi.

Nikaenda Ngezi palepale, kwa miguu. Yaya alikuwa uani anapiga pasi ya makaa, nguo za watu wa jirani, maana kazi nyingine hakuwa nayo. Aliniona akaendelea kupiga. Nikakaa kwenye kinu kilichopinduliwa.

"Mutoto amenieleza," nikasema.

"Amekueleza nini?"

"Kama mulikuwa munanitafuta. Kila Samedi."

"Nilikuwa natafuta mutu wa kunisaidia," alisema. "Mutoto yako iko na kichwa nguvu. Nilitaka mwenyewe aje amuchukue."

Tulicheka kidogo, kila mutu na yake. Halafu nikamuuliza lile nililokwenda kuuliza. "Basi kama ulikuwa unaandika kale kamustari kila Samedi, na unamuambia akaweke muzuri, kwa nini hapa ulikakataa?"

Yaya alisimamisha pasi juu ya kipande cha bati. Alipuliza majivu, ingawa makaa yalikuwa yanawaka vizuri.

"Ju ya ile yenye nilikuwa nasikia mu moyo," alisema. "Tulikuwa tunaandika jina yako na kamustari, tunangoja, haitoki kitu. Mutoto analia. Mimi namuambia usilie, tutajaribu tena. Na tukitoka nje, mudogo, moyo yangu ilikuwa mwepesi. Nilikuwa nafurahi. Usiku nilimuomba Mungu uonekane, na Samedi nilifurahi haujaonekana. Kila wiki vile. Nikiona kale kamustari, naona ile furaha. Sikutaka nikakute tena mu atelye kila siku."

Nilingoja hasira ije. Nilikuwa na haki nayo, na nilikuwa nimeifanyia mazoezi siku nyingi. Nilimuangalia, mwanamke aliyepitisha mutoto wangu mbele ya bunduki, ambaye alikuwa na furaha yake ya kuiba kila Samedi, na bado Samedi iliyofuata anafunga kikwembe, anamushika mutoto mukono, anarudi kule kuiharibu kwa mikono yake mwenyewe.

"Ningekuwa mimi," nikamuambia, "nisingemupeleka mutoto kwa cyber hata siku moja."

Alinitazama muda, aone kama namucheka. Sikuwa namucheka. Alikaa chini, kwenye mawe ya jiko, akaweka kikwembe usoni. Mimi nikainuka nikashika pasi, kwa sababu shati ya watu ilikuwa nusu na makaa yalikuwa yanapoa. Nikapiga kola, nikapiga mikono, ule wa kushoto na ule wa kuume. Nikamueleza habari ya kanzu ya muimbishaji. Alicheka mule ndani ya kikwembe, akaniuliza kama nimebakiza kitambaa cha kurekebisha. Nikasema kiko, kidogo. Akasema atakuja kukiona.

Mutoto alikuwa ametufuata. Tulisikia viatu vyake nyuma ya nyumba, halafu sauti yake: "Mama!"

Tuliitika wote wawili. Mimi niliitika kwa sauti zaidi.